Mashine ya Supu Katika Kantini ya Bloor

Jumatatu, 3 Novemba 1986

Bi Hilda anang'atuka! Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe, akimwambia Surinder pale kwenye sinki kwamba mwezi huu ukiisha atapumzika. Atapumzika! Miaka yote hii nimekuwa Msimamizi Msaidizi wa kantini, koti jeupe, kalamu mfukoni, nikingoja. Leo mlango umefunguka.

Kikwazo ni kimoja: Surinder. Yeye ndiye anayepakua chakula dirishani, na wanaume wa tanuru wanampenda kupita kiasi. Anajua nani hataki vitunguu, nani mkewe kajifungua, nani daktari kamkataza chumvi. Mimi najua ufunguo wa stoo unatundikwa wapi. Mji mzima wa Stoke unajua kwamba kiwanda cha Bloor kinatengeneza vyoo na masinki bora. Hakuna anayejua kwamba kantini ya Bloor inasimama kwa sababu yangu.

Mchana meneja mkuu, Bwana Pointon, alikula pai mbili za Bi Hilda, akafuta mdomo, akasema, "Hilda, bila wewe hapa ni banda tu." Kisha akanigeukia mimi. Nikanyoosha koti. Akaniomba nisogee, nimeziba chupa ya sosi.

Lazima nijulikane. Nina mpango.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango wenyewe. Juzi juzi pale baa nilifahamiana na Bwana Lyle, muuzaji wa mashine. Mtu nadhifu, viatu vinang'aa, anacheka hata kabla hujamaliza mzaha. Mashine yake ni kubwa kama kabati la nguo. Unabonyeza kitufe, chai. Unabonyeza kingine, supu ya njegere. Kingine, kakao. Chini kuna kidirisha, unapata pai ya moto. Yuko tayari kutuachia tuijaribu, bure!

Nimempelekea Bwana Pointon habari hii ofisini kwake. Mwanzoni alikuwa anatazama saa. Halafu akauliza mashine hiyo inahitaji wafanyakazi wangapi.

"Hata mmoja, bwana," nikasema.

"Hata mmoja?"

"Hata nusu mtu!"

Akainuka. Akanishika bega. Akaniita Clive, lakini kwa upendo. Mimi ni Clifford, ila sikutaka kuharibu shughuli.

Nyumbani nimemsimulia Mama. Mama aliacha kumenya viazi akaniuliza, kama haihitaji mtu, wewe utakuwa unafanya nini? Nimemweleza kwa upole kwamba haelewi biashara za kisasa. Akaniambia nile, kabichi inapoa.

Jumatano, 5 Novemba

Imefika! Watu wanne waliibeba. Imewekwa kando ya mlango, mahali alipokuwa akikaa Sid Hulme wa tanuru, ambaye hakufurahi. Bi Hilda alifuta mikono kwenye aproni, akaizunguka mara moja, akauliza kama kuna msiba. Surinder akasema, aa, mama, hiyo si jeneza, huyo ni mchumba wa kaka Clifford, kapata saizi yake hatimaye. Kicheko mpaka vikombe vinatikisika. Jina langu la ukoo ni Machin, kwa hiyo kufika chai ya saa nne kiwanda kizima kilikuwa kinaniita Bwana Mashine. Wivu, huo.

Sid ndiye aliyekunywa kwanza. Alibonyeza chai. Ilitoka chai, sikatai. Tatizo ni kwamba chai na supu vinapita bomba moja. Sid akameza, akafumba macho, akasema, "Bwana mkubwa, hii umemwogeshea nani?" Nimemweleza kwamba ndiyo ladha wanayotumia Ulaya.

Jioni tumewasha moto wa tarehe tano, ule wa kila mwaka Waingereza wanapochoma sanamu la haini wa zamani, uwanjani nyuma ya kiwanda, watu na familia zao. Bi Hilda aligawa njegere za kuponda na peremende zake za sukari nyeusi. Fataki zilikuwa nzuri. Mwaka huu sanamu la kuchoma lilivalishwa koti jeupe na kalamu mfukoni. Watu walikuwa wananitazama mimi, kisha sanamu, kisha mimi tena, wanacheka. Nimecheka nao. Nadhani lilikuwa la daktari.

Alhamisi, 6 Novemba

Siwezi kuandika vizuri.

Bwana Pointon aliniita. Aliniketisha! Akasema kazi nzuri, Clive. Akasema mashine ikiendelea hivi, Jumatano ijayo atamleta Mama Bloor mwenyewe, mjane mwenye kiwanda, aione inavyofanya kazi. Mama Bloor akiridhika, kantini itafungwa kabla ya Krismasi. Jiko litavunjwa, patakuwa stoo ya makasha.

Nikauliza, na wanawake wa jikoni?

Akasema watapewa mkono wa kwaheri na keki.

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, na mkuu wa kantini?

"Mkuu wa nini?"

"Wa mashine, bwana."

Akacheka. Akasema mashine inakuja na mtu wake, kijana mmoja kutoka Derby, anapita kila wiki kuijaza. Akanipa mkono. Ulikuwa mkono wa kwaheri, nimeujua sasa hivi nikiandika.

Nimerudi jikoni nikala pudingi nne za jamu bila kuketi. Surinder akaja, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kama mtoto. Akasema, "Kaka, una homa?" Akanichemshia chai ya tangawizi kwenye sufuria yake ndogo, ile anayotumia kwa watu wake tu. Bi Hilda akasema niende nyumbani nikalale, baba, sura yako kama unga.

Nimekunywa ile chai yote.

Ijumaa, 7 Novemba

Mashine lazima ishindwe! Nimefikiri usiku kucha na nimepata dawa. Alfajiri nilifungua tumbo lake nikamwaga unga wa kakao wote. Mahali pake nikajaza unga wa mchuzi wa nyama, ule wa kumwagia viazi. Mtu atataka kakao tamu, atapata mchuzi. Watapiga kelele. Watafanya mgomo. Mashine itatupwa barabarani.

Asubuhi kulikuwa na ukungu wa baridi, ile inayokata masikio. Sid Hulme akabonyeza kakao. Nilijificha nyuma ya rafu ya sahani nikasubiri matusi.

Matusi hayakuja.

Sid akanywa tena. Akauliza nani kabadilisha. Akawaita wenzake wa tanuru. "Njooni! Njooni muonje, imekuwa mchuzi!"

Kufika chai ya saa nne foleni ilitoka nje ya mlango. Watu wanachovya mkate. Mmoja alileta viazi kutoka nyumbani. Bwana Pointon alisimama pembeni akiitazama ile foleni kama mtu anayetazama mwanawe akihitimu. Akanikonyeza.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama amenikamua. Anajua kunikamua, aliniwekea soseji mbele akazishikilia mpaka niseme. Nimesema yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Alinipa koti, akaniambia nikanunue maua niende kwa Hilda Tunnicliffe nikamwambie kwa mdomo wangu kabla hajaambiwa na mwingine.

Nimekwenda. Nimenunua maua ya manjano. Barabara nzima nimefanya mazoezi ya hotuba. Inaanza, Bi Hilda, dunia inabadilika.

Mlango alifungua mumewe, Wilf. Bi Hilda ametoka, kaenda kwa dada yake. Wilf alikuwa mfinyanzi zamani, na vumbi la udongo mkavu limemjaa mapafuni, kila hatua mbili anashika ukuta. Hata hivyo alisisitiza niingie. Alinichemshia chai mwenyewe. Ilichukua muda mrefu, na hakutaka nimsaidie.

Nikamwambia, kwa kuanzia mbali, kwamba tutamkosa sana Bi Hilda akistaafu.

"Astaafu?" Wilf akacheka mpaka akakohoa. "Nani kakudanganya, mwanangu? Hilda anaenda Llandudno wiki moja na dada yake, kupunga upepo wa bahari. Akistaafu nani atanunua makaa humu? Mimi?"

Wiki moja. Llandudno. Kupunga upepo!

Nilishindwa kabisa kuitoa hotuba. Nikampa Wilf maua. Nikasema ni mazuri kwa kifua. Aliyanusa, akasema kweli, anajisikia nafuu.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Nimeomba mashine ife. Mama anasema nimeomba kwa sauti.

Jumatatu, 10 Novemba

Wamejua.

Bwana Pointon alisimama juu ya kiti saa ya chakula cha mchana, kantini imejaa. Alitangaza yote: Mama Bloor anakuja keshokutwa, akikubali basi, Krismasi mwisho wa jiko. Akasema enzi mpya. Akasema siku zote mawazo makubwa hutoka kwa watu wadogo. Halafu akanyoosha mkono kuelekea kwangu na kusema tumpigie makofi Clive, maana wazo hili ni lake.

Hakuna aliyepiga. Surinder aliweka upawa chini polepole kabisa. Wanaume wa tanuru wote waligeuka. Nilikuwa nimeshika trei ya pudingi, sikuwa na mahali pa kuiweka wala pa kutazama.

Bi Hilda ndiye aliyeanza. Alisema, "Clifford. Viazi vinaungua." Basi. Akarudi jikoni.

Hakuna aliyenisemesha mchana kutwa. Nilidhani watanimwagia kastadi kichwani, na ningefurahi. Badala yake, nilipopita dirishani na sahani yangu, nikiwa wa mwisho, Bi Hilda alinikatia pembe ya pai, ile iliyokauka, ninayoipenda. Kama siku zote. Akanitilia na mchuzi.

Niliingia chumba cha baridi nikatokwa na machozi. Ni kwa sababu ya vitunguu. Chumba cha baridi hakina vitunguu, lakini vimewahi kuwekwa humo.

Surinder alinikuta. Alisimama mlangoni amefunga mikono. Akaniuliza, kweli kaka, ulitaka nini? Nikamwambia nilitaka kuwa mkuu. Akauliza, mkuu wa nani, tukishaondoka sote? Akasema ana binti anayesoma chuo Leicester na mama mkwe asiyeona, na hayo yote yanatoka kwenye upawa ule. Halafu akanitupia kitambaa cha kufutia vyombo nifute uso. Akanionya nisipenge kamasi, kimetoka kufuliwa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwomba Bwana Pointon airudishe mashine. Nimemwambia nimekosea hesabu, inahitaji watu, watu wengi, karibu kumi na wawili. Amesema mimi ni mnyenyekevu mno. 

Nimempigia simu Bwana Lyle. Simu inaita tu.

Hakuna njia nyingine. Kesho alfajiri nitaivunja. Ndani, juu ya kile kidirisha cha pai, kuna chuma kinachoangusha pai moja moja. Nimeona kijana wa Derby akikipaka mafuta. Kikipinda, mashine nzima inagoma. Mkono wangu ni mwembamba. Ni kazi ya dakika.

Jumatano, 12 Novemba

Haikuwa kazi ya dakika.

Nilifika kabla ya watu. Nikapiga goti, nikaingiza mkono kwenye kidirisha, nikaupandisha juu mpaka begani. Nikakigusa chuma! Nikakivuta. Kikapinda kweli. Kikapinda kuelekea kwenye mkono wangu. Nikavuta mkono. Haukuja. Nikaugeuza. Haukuja. Mashine ikaguna na kuniangushia pai ya moto kiganjani.

Watu wakaanza kuingia kwa chai ya asubuhi. Nikajiegemeza kwa mkono wa pili nikapiga mluzi. Surinder akaja, akasimama, akainama, akatazama, akainuka. Akaniuliza nafanya nini. Nikasema nimepumzika.

"Umepumzika ndani ya mashine?"

Nikamwambia ukweli wote kwa kunong'ona. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameibana midomo. Halafu alicheka! Alicheka mpaka akakaa sakafuni kando yangu, ameshika mbavu, machozi yanamtoka. Akampigia kelele Bi Hilda, njoo, mama, njoo umwone mpumbavu wetu.

Wetu. Amesema wetu.

Basi, mashine ikiwa imezibwa na mimi, hakuna aliyeweza kupata chochote humo, na watu wote mia na zaidi wakamgeukia Bi Hilda. Bi Hilda alikuwa na sufuria kubwa ya lobi motoni, ule mchuzi wetu mzito wa ng'ombe, viazi na karoti unaochemka kutwa. Alipakua mpaka mkono ukamuuma. Kila akipita alinilisha kijiko kimoja, akanifuta kidevu. Alisema nifumbue mdomo, nisihangaike, mafundi wanakuja na zana.

Waliofika si mafundi. Alikuwa Bwana Pointon, suti mpya, amemshika mkono Mama Bloor.

Sijawahi kumwona karibu. Kimama kidogo, kofia kubwa, fimbo. Hakuitazama mashine kwanza. Alisimama katikati ya kantini akainua pua. Akauliza, "Hiyo ni lobi?" Bi Hilda akasema ndiyo, mama. Mama Bloor akavuta kiti, akaketi katikati ya Sid Hulme na kijana mmoja wa kupaka rangi, akasema apewe bakuli na mkate, ule wa ukoko. Alikula lote. Alifuta bakuli kwa mkate. Akawaambia wale wa mezani kwamba marehemu mumewe alimposa kwenye benchi kama hili, yeye akiwa mpakaji rangi, na mume ameshika bakuli, kwa hiyo hakuweza kupiga goti vizuri.

Bwana Pointon akakohoa. Akasema, labda sasa Mama angependa kuona mambo ya kesho. Akamwongoza mpaka kwangu.

Mama Bloor aliinama akanitazama. Nikamsalimu. Nikaomba radhi kwa kutosimama.

"Pointon," akasema, "kuna mtu humu ndani."

Pointon akasema ni hitilafu ndogo.

"Hana jina, huyu hitilafu?"

Kabla sijajibu, Sid alikuwa amefika na ndoo ya sabuni laini, ile tunayopaka kalibu ili sinki litoke bila kukwama. Akasema kama inatoa choo kizima, itamtoa Clifford. Akanipaka mpaka kwapani. Wanaume watatu wakanishika kiuno. Bi Hilda akahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu nikatoka kama gamba la nyoka, nikaangukia mapaja ya Surinder, pai bado mkononi. Nyuma yangu mashine ikatetemeka, ikalia, na kumwaga chai, supu na mchuzi wote kwa pamoja. Bwana Pointon alikuwa amesimama mbele yake.

Mama Bloor akatazama suruali ya Pointon. Akatazama mkono wangu. Akatazama sufuria.

"Ondoeni hilo dude," akasema. Halafu akamwuliza Bi Hilda kama lobi imebaki.

Hizo kelele! Watu walipiga meza kwa vijiko. Sid alimbusu Bi Hilda shavuni, Bi Hilda akampiga kwa kitambaa. Kisha wakanibeba mimi. Mimi! Surinder aliwaambia wote kwamba kaka Clifford aliingiza mkono makusudi, kuiokoa kantini. Ni kweli, ukianzia kuhesabu Jumanne. Bi Hilda alinitazama, akatikisa kichwa. Baadaye alinifunga bandeji mwenyewe, taratibu sana, na kuniambia nikifanya tena atanitia tanuruni.

Leo nitalala usingizi mzuri.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku njema kuliko zote. Surinder ameleta sambusa za nyumbani kwake, amenipa ya kwanza. Wilf ametuma salamu, kifua kimelegea kidogo, anasema ni yale maua. Bi Hilda ameniweka kando akaniambia kwamba siku yake ya kuondoka ikifika, miaka mingi ijayo Mungu akipenda, upawa utakuwa wa Surinder, na mimi nitabaki msaidizi, maana hakuna kantini Stoke yote yenye msaidizi kama mimi. Nimemwambia nimekubali kwa moyo mweupe. Nimeapa mbele ya jiko: mipango basi. Nitakuwa mtu mtulivu.

Mchana Mama Bloor alipita, peke yake safari hii, akala lobi. Bi Hilda na Surinder walikuwa stoo wanapokea viazi, kwa hiyo nilimhudumia mimi. Alikula akafumba macho. Akasema hajala lobi ya namna hii tangu kwa mama yake. Akauliza ni nani aliyewafundisha hapa.

Nilitaka kusema Hilda. Mungu shahidi. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale, kofia ile, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema ni mimi. Nikasema ni siri ya ukoo wetu, kutoka kwa babu.

Alifurahi sana! Jumatatu analeta wenzake watatu wa kanisani waje wanitazame nikiipika, kuanzia mwanzo, mbele ya watu wote.

Mama ameuliza kama najua jiko linawashwaje. Nimemweleza kwamba upishi ni uongozi tu. Amesema nimwendee Hilda leo leo nimwambie. Hapana, Hilda amechoka, maskini, kwa nini nimsumbue? Nimekwisha panga kila kitu. Kesho namtafuta mtu wa kuniambia lobi inapikwaje.